Kikombe cha kuoshea jicho

Kuna kuosha macho kwa aina mbili. Kwa kwanza mnakujua, kule kwa kukaa kibarazani Ijumaa jioni, soda mkononi, mkiangalia wanaopita. Kwa pili ni kwa hospitali: kuna kikombe kidogo, unakijaza maji safi, unakiinamia na kufungua jicho ndani yake. Leo nataka tuongelee hicho cha pili. Kikombe cha namna hiyo, cheusi, kisicho na urembo wowote, ndicho kinachotajwa mara nyingi kuwa kitu cha kwanza duniani kutoka kwenye maelekezo ya kompyuta na kuingia kiganjani mwa mtu bila kupita kwa fundi wa kuchonga, wa kufinyanga wala wa kumimina kwenye kalibu.

Ilikuwa usiku wa tarehe 9 Machi 1983, huko California, Marekani. Mhandisi mmoja, Charles Hull, ambaye wenzake wanamwita Chuck, alimpigia simu mkewe Antoinette aliyekuwa nyumbani keshavaa nguo za kulalia, akamwambia aje kazini sasa hivi, kuna kitu anataka akione. Mama wa watu akaendesha gari usiku ule. Akakuta kikombe. Nadhani wake wengi wa hapa kwetu wangekuwa na maneno mawili matatu ya kusema.

Nimeamua kuandika habari hii kwa sababu ya marafiki zangu wachoraji. Siku hizi mtu anachora katuni yake kwenye simu au tableti, wiki ijayo unaiona inaning'inia kwenye funguo zake, au imekuwa hereni, au beji kwenye mkoba. Ukimuuliza anakwambia ni teknolojia mpya. Mpya! Jambo hili lina umri mkubwa kuliko mimi, na nina hakika ni kuliko wengi wenu mnaosoma hapa. Tena historia yake ina mambo mawili ambayo watu huyapita mbio wakikimbilia kumsifu mvumbuzi: kuna waliofika mapema wakaambiwa kitu chao hakina soko, na kuna miaka karibu 20 ambayo karatasi za kisheria zilikifungia ndani.

Tuanzie nyuma kidogo ya kikombe.

Mwaka 1963 kijana anayeitwa Ivan Sutherland alimaliza tasnifu yake ya udaktari pale MIT. Alikuwa ametengeneza programu iliyoitwa Sketchpad. Unachukua kalamu ya mwanga, unaigusisha kwenye kioo cha kompyuta kubwa ya TX-2, unachora. Leo mtoto wa miaka 4 anafanya hivyo kwa kidole na hatushangai. Ila angalia tofauti moja ambayo ndiyo roho ya habari yote hii. Picha ni madoa tu, haijui kama yale madoa ni nyumba au ni mbuzi. Mchoro wa Sutherland ulikuwa maelezo: mstari huu unaanzia hapa unaishia pale, huu uwe sambamba na ule, pembe hii ibaki mraba hata ukiuvuta. Kompyuta ilikuwa inajua umbo. Na kitu kinachojua umbo kinaweza kuiambia mashine nyingine namna ya kulitengeneza.

Wafaransa walikuwa wanahangaika na jambo lilelile kwa sababu ya magari. Bodi ya gari ina mikunjo ambayo rula haiwezi kuieleza. Mwaka 1959 mwanahesabu Paul de Casteljau, aliyeajiriwa na Citroën, alipata njia ya kuandika mkunjo wowote kwa pointi chache tu. Kampuni ikaifanya siri. Baadaye kidogo Pierre Bézier wa Renault akafika palepale kwa njia yake, yeye akaruhusiwa kuandika na kutangaza, na ndiyo maana mchoraji yeyote wa leo anayevuta vile vishikio viwili vya mstari kwenye programu yake ya kuchorea anaviita vya Bézier. De Casteljau anajulikana na watu wa hesabu tu. Weka jina hilo pembeni, kwa sababu litapata wenzake.

Renault walikuwa na mashine iliyochukua mikunjo hiyo na kuichonga. Kwa hiyo safari ya kutoka mchoro kwenda kitu ilikuwa imeshaanza, lakini kwa njia ya kupunguza. Unachukua bonge, unaondoa kisichotakiwa. Ni kazi ya Mmakonde na mpingo wake, kinyago kimo humo ndani, kazi ni kutoa kinachokizunguka. Ubaya wake ni kwamba patasi haifiki kila mahali. Jaribu kuchonga kijumba chenye vyumba, ngazi na meza ndani, bila kupasua ukuta.

Halafu kuna buli. Hili siwezi kuliacha. Mwaka 1975 Martin Newell, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Utah (ambako Sutherland naye alifundisha), alihitaji umbo la kujaribia programu zake. Alikuwa anakunywa chai na mkewe Sandra, mama akasema si utumie hivi vyombo vya chai? Newell akachukua karatasi ya miraba akalichora buli lao, buli la kawaida tu lililonunuliwa dukani, kisha akaingiza pointi za Bézier kwenye kompyuta. Akawagawia wenzake data zile bure. Tangu hapo kila aliyejifunza grafiki za kompyuta amelikuta buli la Utah, kama sisi tulivyokutana na Juma na Roza kwenye kitabu cha darasa la kwanza. Mwenzake, Jim Blinn, alilibana urefu wake, likawa kifupi na kinene, likapendeza hivyohivyo, likabaki. Buli lenyewe la udongo, refu kuliko picha yake, limo kwenye makumbusho ya historia ya kompyuta huko Mountain View, California. Watu wanaochapa buli hilo kwa plastiki leo wanachapa lile lililobanwa. Yaani kitu kiligeuka mchoro, mchoro ukakaa miongo, ukarudi kuwa kitu, na njiani kikapungua kimo.

Sasa turudi kwenye kikombe, na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize vizuri.

Kabla ya Hull kulikuwa na Hideo Kodama. Huyu alikuwa mtafiti kwenye taasisi ya utafiti wa viwanda ya manispaa ya Nagoya, Japani. Aliona mambo mawili kwa nyakati tofauti: michoro ya pande tatu kwenye kompyuta, na mtambo wa kutengenezea sahani za kuchapia magazeti, uliotumia resini ya maji inayoganda ikipigwa mwanga. (Mimi kama mwandishi wa habari nafurahi sana kwamba gazeti limo kwenye ukoo huu.) Akayaunganisha: kwa nini nisiigandishe resini tabaka moja, nikaongeza nyingine juu yake, tabaka juu ya tabaka, mpaka mchoro usimame? Akajaribu, akapata nyumba ndogo. Mwaka 1980 akaomba hataza, mwaka 1981 akachapisha makala kwenye majarida ya kisayansi. Hakuna aliyemjali. Hakuendelea na hatua zilizobaki za ombi lake, likafa.

Kisha Ufaransa tena. Alain Le Méhauté, Olivier de Witte na Jean-Claude André. Le Méhauté alikuwa anashughulika na maumbo ya ajabu ya kihesabu, yale yanayojirudia ndani yao yenyewe bila kikomo, na alitaka kuyashika kwa mkono. Hakuna patasi inayoweza kuyachonga. Wakaja na wazo lilelile la mwanga na resini, wakafanikiwa kutoa ngazi ndogo ya mzunguko. Tarehe 16 Julai 1984 wakawasilisha ombi la hataza. Hull aliwasilisha la kwake Marekani tarehe 8 Agosti 1984. Hesabu mwenyewe, ni wiki tatu na siku mbili. Lakini kampuni iliyokuwa nyuma ya Wafaransa iliona hakuna biashara hapo, ikaacha kulipia. Basi.

Ninapolisoma jambo hili najiuliza ni mabosi wangapi duniani, katika ofisi ngapi, wameshasema maneno hayo, haina soko, halafu wakaenda kula chakula cha mchana kwa amani kabisa. Yule wa Citroën angalau alijua ana dhahabu, ndiyo maana akaificha.

Hull alikuwa na bahati ya mahali alipoajiriwa. Kampuni yake ilitengeneza taa za mwanga wa urujuanimno, ambao mafundi wanauita UV, na taa hizo zilitumika kukausha rangi ngumu ya plastiki juu ya meza na fanicha. Yeye alikuwa na uchungu wa mhandisi: ukitaka kujua kama kifaa chako cha plastiki kitafaa, lazima kwanza kalibu ichongwe, usubiri wiki kadhaa, kisha ukipate na kugundua kimekosewa, uanze upya. Akaomba aruhusiwe kufanya majaribio, akapewa kijichumba na saa za jioni na wikiendi. Mchoro wa kile kikombe haukuwa wa programu ya kununua dukani, aliandika maelekezo yake mwenyewe. Beseni la resini, jukwaa linaloshuka kidogokidogo, nukta ya mwanga inayochora duara. Duara linaganda. Jukwaa linashuka. Duara jingine.

Hii si kazi ya Mmakonde tena, ni ya mfinyanzi wa chungu, yule anayeviringisha udongo kama kamba na kupandisha mzunguko juu ya mzunguko. Kwa hiyo vyumba, ngazi na meza ndani ya kijumba havimsumbui, kwani anavijenga wakati ukuta nao unapanda.

Kama unaona resini na mwanga ni mambo ya maabara ya Wazungu, dada zangu wa saluni watakucheka. Kucha za jeli ndizo hizo hizo. Unapakwa, unaingiza mkono kwenye kataa, sekunde kadhaa kitu kilichokuwa kama uji kimekuwa kigumu kama kauri. Ukienda kuziba jino, daktari anakuwekea kitu laini halafu anakimulika kwa mwanga wa bluu. Na mafundi wa mihuri mjini! Hao ndio ndugu wa karibu kabisa wa Hull. Unampelekea nembo yako kwenye fleshi, anaichapa kwenye karatasi angavu, nyeusi pasipotakiwa na wazi panapotakiwa, anaiweka na resini kwenye sanduku lenye taa za UV. Mwanga unapita palipo wazi tu, pale resini inaganda, penginepo anapaosha kwa maji na brashi. Dakika chache mchoro wa kompyuta umekuwa kitu unachoweza kukigonga mezani na kumtisha mtu wa chini yako. Ni tabaka moja tu. Hull alichofanya ni kukataa kuishia tabaka moja.

Hataza ya Hull ilitoka tarehe 11 Machi 1986, na mwaka huohuo akaanzisha kampuni ya 3D Systems. Mashine zake za mwanzo zilinunuliwa na viwanda vya magari, ndege na vifaa vya tiba, maana bei yake haikuwa ya mtu. Inasemekana, na yeye mwenyewe ameshasimulia kwenye mahojiano, kwamba usiku ule wa kikombe alimwambia mkewe itachukua miaka 25 hadi 30 kabla kitu hiki hakijafika majumbani. Alikuwa sahihi kwa namna inayotia shaka. Nitaeleza kwa nini.

Lakini kwanza kuhusu faili, kwa ajili ya wachoraji. Mwaka 1987 kulitengenezwa muundo wa faili wa STL kwa ajili ya mashine za Hull, na mpaka leo, miaka karibu 40 baadaye, ukipakua kitu cha kuchapa mara nyingi ni STL. Ndani yake hakuna kitu isipokuwa pembetatu. Buli, uso wa mtu, meli, vyote vimepasuliwa kuwa pembetatu ndogondogo zinazofunika ngozi ya nje. Hakuna rangi. Hakuna hata kipimo: faili inasema 60, haisemi ni milimita 60 au inchi 60. Kisha programu nyingine inakata umbo hilo vipande vyembamba kama mkate wa siagi, na kila kipande kinakuwa njia ya kupita mashine.

Mchoraji wa katuni akifika hapa ndipo anapopata shida ambayo hakuitegemea. Mchoro wake una mbele tu. Ule mkono ulio nyuma ya mgongo haukuwahi kuchorwa, ulikuwa umefichika, na hakuna aliyeuliza. Sasa anaulizwa. Nywele zina unene gani? Kidole chembamba kiasi hiki kitabaki au kitavunjika mfukoni? Mkono ulionyooshwa hewani utajengwa juu ya nini, kwa kuwa tabaka haliwezi kukaa juu ya upepo? Inabidi kuweka nguzo za muda chini yake, za kuvunja baadaye, kama miti inayoegemeza zege kabla halijakauka. Wengi wanakwepa kwa kuufanya mchoro uwe bapa wenye unene wa milimita tatu hivi, na hapo ndipo hereni na vishikio vya funguo vinapotokea. Siwalaumu. Ila nimewaona wachache walioamua kuizungusha katuni yao na kuchora upande wa nyuma, na wote wanasema kitu kimoja: baada ya hapo wanachora tofauti.

Huku Hull akiuza mashine zake, mwaka 1988 mhandisi mwingine, Scott Crump, alitaka kumtengenezea binti yake mdogo chura wa kuchezea. Akachukua bunduki ya gundi ya moto, akaweka mchanganyiko wa plastiki na nta ya mshumaa, akaanza kudondosha tabaka kwa tabaka. Akaiunganisha baadaye na mtambo wa kusogea wenyewe, na mwaka 1989 yeye na mkewe Lisa wakaanzisha Stratasys. Hakuna resini hapa, hakuna mwanga, ni plastiki ya uzi inayeyushwa na kuchorwa kama anayeandika jina juu ya keki. Printa nyingi za bei rahisi unazoziona leo ni wajukuu wa chura yule.

Jamani angalieni orodha ya vitu vya kwanza. Nyumba. Ngazi. Kikombe cha jicho. Chura wa mtoto. Na nyuma yao buli. Hakuna bunduki, hakuna roketi. Hizo zilikuja baadaye, tena kwa kelele nyingi. Watu hawa walipokuwa na uwezo wa kutengeneza umbo lolote duniani, walitengeneza vitu vya nyumbani.

Sasa ile shaka yangu kuhusu utabiri wa Hull. Hataza ya Crump ilitoka mwaka 1992 na ulinzi wake ukaisha 2009. Katika miaka yote hiyo, chura aliyezaliwa jikoni alikaa kwenye mashine za makumi ya maelfu ya dola. Mwaka 2009 huohuo kampuni changa ya Brooklyn, MakerBot, ikaanza kuuza printa ya kujiunganishia mwenyewe kwa dola 750. Miaka 25 hadi 30 tangu 1983 ni 2008 hadi 2013. Kwa hiyo je, Hull alitabiri teknolojia itakomaa lini, au alitabiri ulinzi wa karatasi utaisha lini? Mimi nadhani vyote viwili vilikwenda pamoja, maana kompyuta za nyumbani za 1985 zisingeweza kukata buli vipande. Lakini bei haikushuka polepole kama inavyoshuka kitu kinachokomaa. Ilianguka.

Aliyeusubiri mlango huo ufunguke alikuwa Mwingereza, Adrian Bowyer, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Bath. Mwaka 2005 alianzisha mradi wa RepRap wenye wazo la kichaa: printa inayochapa vipuri vya printa nyingine. Unampa jirani, jirani anamchapia jirani. Michoro yote bure, mtu yeyote aibadili. Ya kwanza waliiita Darwin, na mwaka 2008 ilifanikiwa kuchapa vipuri vya plastiki vya mwenzake. Mota, vyuma na nyaya bado unanunua, kwa hiyo tusitie chumvi. Hata jina ilibidi wabuni lao, kwa sababu jina la njia ile lilikuwa alama ya biashara ya Stratasys.

MakerBot walitoka kwenye jumuiya hiyo hiyo ya vitu vya bure. Mwaka 2012 wakatoa mashine mpya ambayo michoro yake haikutolewa tena kwa umma, mmoja wa waanzilishi aliyekuwa ameshaondoka akalalamika hadharani, na mwaka 2013 kampuni ikanunuliwa kwa hisa za dola milioni 403. Na nani? Stratasys. Chura akammeza mjukuu. Upande wa resini nako, 3D Systems iliishtaki mwaka 2012 kampuni changa ya Formlabs iliyokuwa imechangiwa fedha na watu mtandaoni, na wakapatana 2014. Mambo ya wakubwa, siyaendelezi.

Ninachotaka kuendeleza ni cha huku kwetu. Mwaka 2013 huko Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alijenga printa ya 3D kwa vipuri vya skana na printa za karatasi zilizokufa, zile zinazoletwa Afrika kwa jina la mitumba na kuishia jalalani. Dar es Salaam vijana wa STICLab walishika njia hiyo hiyo ya taka za kielektroniki. Nairobi iko AB3D, iliyoanzishwa na Roy Ombatti, nayo ikijenga printa kwa kutumia vipuri vya aina hiyo.

Habari ya Ombatti ndiyo ninayoipenda kuliko zote humu. Kabla ya kampuni, akiwa kwenye masomo ya uhandisi Nairobi, wazo alilolipeleka kwenye shindano moja la kimataifa mwaka 2012 lilikuwa viatu. Viatu vya watu walioharibiwa miguu na funza. Mtu aliyekaa na funza miaka mingi mguu wake haufanani tena na mguu wa dukani, hakuna namba inayomfaa, kwa hiyo anatembea peku, na akitembea peku funza wanarudi. Kiatu cha kiwandani kinatengenezwa kwa miguu milioni moja iliyo sawa. Huyu alitaka kiatu cha mguu mmoja. Ukiwa na faili badala ya kalibu, cha mmoja hakina gharama kubwa kuliko cha mwenzake, unabadilisha tu mchoro. Nimesoma maelezo mengi ya kwa nini kuchapa vitu kuna maana, ya wasomi na ya wauzaji. Sijaona linaloshinda mguu ule.

Na sisi tuna shida zetu ambazo kina Hull hawakuziwaza. Kitu cha saa sita kwenye printa, umeme ukikatika saa ya tano, unabaki na nusu chura. Kuna mashine siku hizi zinazokumbuka zilipoishia, lakini kile kitu kimeshapoa na mara nyingi unauona mstari pale kilipounganishwa, kama kovu. Uzi wa plastiki unaagizwa nje. Resini mbichi inawasha ngozi, na wapo wanaoishika bila glovu kama wanakanda unga. Acheni hilo.

Nimalizie na boti. Mwaka 2015 kampuni ya Kiswidi, Creative Tools, ilitoa bure faili la kijiboti chenye urefu wa milimita 60, kinachoitwa 3DBenchy. Kazi yake ni kuipima mashine: kina tundu la duara, kuta zilizoinama, bomba, maandishi madogo sana nyuma. Mtu akinunua printa mpya, kitu cha kwanza kuchapa ni hicho. Huenda ndicho chombo cha majini kilichoundwa mara nyingi kuliko vyote katika historia ya binadamu. Lakini leseni yake ilikuwa na kifungu: unaruhusiwa kukigawa, huruhusiwi kugawa ulichokibadilisha. Watu walibadilisha hata hivyo, wakakiwekea magurudumu, wakakigeuza paka, hakuna aliyewafuata, mpaka mwanzoni mwa 2025 mtandao mmoja wa kugawia faili ulipoanza kuyaondoa matoleo hayo. Zikatoka kelele. Mwezi Februari mwaka huohuo wamiliki wapya, NTI Group, wakakiachia kiwe mali ya umma, bila masharti.

Rafiki yangu mmoja, mchoraji wa katuni, ameshaanza kukigeuza kiwe ngalawa. Zile mbao mbili za pembeni amezipata. Tatizo lake ni tanga, kwa sababu likiwa jembamba kama anavyotaka yeye linavunjika wakati wa kulibandua, na likiwa nene anasema linafanana na mlango.